Mlango wa kompoziti haurandwi: kazi ya randa hufanywa na kipimo

*“Mlango wetu wa mbele ni wa mbao na umeoza chini. Nataka kuweka wa kompoziti. Seremala ninayemwamini anasema niagize mkubwa kidogo, ukifika atauranda hapo hapo mpaka ukae. Wauzaji wanasema mlango huo haukatwi hata kidogo, na nikiukata dhamana imekufa. Nimebandua mbao zinazozunguka fremu ya zamani nikapima tofali kwa tofali. Upana juu ni 911, katikati 908, chini 911. Urefu kushoto 2,101, kulia 2,100. Kona kwa kona 2,283 na 2,295. Zote ni milimita. Nimesoma kwamba unachukua upana mdogo kuliko wote unatoa 10, kwa hiyo nataka kuagiza fremu ya 898. Nikikosea sina pesa ya kununua mwingine. Niko sahihi? Na je, siwezi kuiacha fremu ya zamani nikabadilisha mlango tu?”*

Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla hujalipa. Hiyo 898 usiagize kwanza. Huenda ni sahihi, na huenda imezidi kwa milimita 12, na shaka yangu inatokana na vipimo vyako vyenyewe. Hukukosea kupima. Umepima kuliko wengi wanaoniandikia, maana wengi hawagusi kona kwa kona kabisa. Kilichobaki ni kuvisoma vipimo hivyo, kisha kuongeza kimoja ambacho tepu peke yake haiwezi kukupa.

Kwanza seremala wako, kwa sababu sipendi umwone hajui kazi. Ushauri wake ni wa haki kabisa kwa mlango wa mbao ngumu. Mbao ni ile ile kutoka ukingoni hadi katikati. Ukiiranda milimita 5 unakutana na mbao nyingine, unaipaka rangi upya, kazi imeisha. Maseremala wamefunga milango hivyo miaka yote: mlango unakuja mkubwa, unasimamishwa kwenye fremu, unaandikwa kwa penseli, unarandwa mpaka ukae. Kosa ni kuupeleka utaratibu huo kwenye kitu ambacho hakikujengwa kwa namna hiyo.

Mlango wa kompoziti kwa kawaida una ngozi mbili za faibaglasi, kila moja unene wa kama milimita 2, zilizogandishwa juu ya kiini. Kiini mara nyingi ni povu gumu la poliyurethani, na kwa aina nyingine ni mbao za tabaka. Unene wa bamba zima, yaani mlango wenyewe bila fremu, huwa milimita 44 kwa milango mingi ya povu na 48 kwa mingi yenye kiini cha mbao. Ukingoni, kuzunguka pande zote nne, kuna fito za mbao au plastiki ngumu zinazokifunga kiini ndani, na fito hizo ndizo zinazoshika skrubu za bawaba na mwili wa kitasa. Lifikirie kasha la karatasi ngumu: likiwa limefungwa pande zote unaweza kulikalia, lakini ukikata ukingo mmoja tu linalegea mwili mzima. Ngozi moja ya bamba inapovutwa, nyingine inabanwa, na fito za ukingoni pamoja na kiini ndivyo vinavyozifanya zifanye kazi kama kitu kimoja.

Sasa randa ikipita pale, kwanza inaondoa muhuri wa kiwandani ulioziba ukingo. Kama fito ni ya mbao, itaanza kunywa maji ya mvua na kuvimba chini ya ngozi isiyovimba nayo, na gundi ndiyo itakayoachia. Pili, inapunguza fito yenyewe, ile inayobeba bawaba. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, mlango huu una kitasa cha ndimi na ndoano kadhaa kinachopita urefu wote wa ukingo, na njia yake imechongwa kwa mashine kwa kina maalumu. Ukila milimita 4 za ukingo, kitasa kinachomoza milimita 4. Ukiizamisha upya njia yake, kishikio nacho hakikai tena pale tundu lake lilipo. Na upande wa bawaba ukiukata, bamba zima linasogea, mpira wa kuziba upepo uliotakiwa kubanwa unagusa hewa. Kama ni mlango uliothibitishwa kuzuia moto, uthibitisho huo umeondoka pamoja na vumbi. Vumbi lenyewe pia si la kuchezea: chembe za nyuzi za kioo huwasha ngozi, macho na kifua.

Kuna mabamba ya faibaglasi yanayouzwa bila fremu, yenye fito pana za mbao pembeni, ambayo mtengenezaji ameandika kwenye maelekezo kwamba unaweza kuranda milimita kadhaa upande fulani na kuziba upya. Hiyo ni bidhaa nyingine. Kama karatasi ya mlango wako haisemi hivyo kwa maandishi, chukulia kwamba haukatwi.

Kwa hiyo usahihi wote ambao zamani ulikuwa kwenye randa umehamia kwenye kipimo. Bamba na fremu hutengenezwa pamoja kiwandani, mianya kati yao imeshapangwa. Kazi yako ni kuitafutia fremu nafasi ndani ya ukuta ambapo inaweza kusimama wima, kulala sawa na kubaki na pembe zake zote nne zikiwa pembe mraba. Ukuta ukiwa umepinda, upinde huo unabaki nje ya fremu, kwenye mwanya kati yake na tofali. Fremu haiufuati ukuta.

Turudi kwenye namba zako. Upana juu ni 911 na chini 911, urefu pande zote karibu sawa. Mtu akiangalia hizo nne tu atasema uwazi umenyooka. Lakini kona kwa kona umepata 2,283 na 2,295, tofauti ya milimita 12. Kwenye mstatili kamili zingelingana. Ulicho nacho ni msambamba: pande zinazotazamana zimelingana, lakini umbo limelala. Ndiyo maana upana wa sehemu tatu hauwezi kuligundua tatizo hili. Miimo miwili, yaani nguzo za kushoto na kulia za uwazi, ikiegemea upande mmoja pamoja, umbali kati yao haubadiliki hata kidogo.

Swali ni nini kimelala, na hapa tepu inafika mwisho wa uwezo wake. Tofauti hiyo ya 12 inaweza kuletwa na mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni kuta za pembeni kuegemea. Kwa uwazi wa ukubwa wako, ili kona zitofautiane kwa 12, kila mwimo unatakiwa uwe umeegemea kama milimita 15 kutoka chini hadi juu. La pili ni kuta kuwa wima kabisa ila kizingiti cha chini na linta (boriti ya juu ya uwazi) vyote vinateremka upande mmoja kwa kama milimita 6 au 7. Vinaweza pia kuwa vyote viwili kwa mchanganyiko. Vipimo ulivyonitumia vinakubaliana na hali zote hizi.

Tuseme ni kuta. Ukisimamisha fremu iliyo wima ndani ya uwazi huo, ukuta wa kushoto unaingia ndani kwa juu na wa kulia unaingia ndani kwa chini. Mstatili wima mpana kuliko wote unaoweza kusimama hapo ni 911 ukitoa 15, yaani 896. Fremu yako ya 898 haiingii ikiwa wima, hata ukitumia nyundo. Ungepaswa kuagiza 896 ukitoa 10, yaani 886, kwa urefu wa 2,090. Tuseme badala yake ni sakafu na linta. Hapo upana wako wa 898 ni sahihi, ila urefu ndio unaopungua: 2,100 ukitoa hizo 6 au 7, kisha ukitoa 10, unabaki na kama 2,083. Uwazi ule ule, vipimo vile vile vya tepu, oda mbili tofauti.

Kanuni uliyoisoma, ya kuchukua upana mdogo na kutoa 10, si ya uongo. Inafaa pale ambapo mtu ameshahakikisha kuta ziko wima. Zile 10, ambazo ni 5 kila upande, zimewekwa kwa ajili ya kabari, muhuri, kutanuka kwa fremu na marekebisho madogo wakati wa kufunga. Hazikuwekwa kumeza ukuta ulioegemea kwa 15.

Namna ya kupata jibu ni ya kale na haina gharama. Tundika timazi mbili, yaani nyuzi zenye uzito chini, kutoka juu ya uwazi, moja karibu na kila mwimo, ziache zitulie. Pima umbali kati ya nyuzi mbili juu na chini, lazima ulingane. Usipolingana kuna uzi unaogusa kitu. Kisha kwa kila uzi, pima umbali wake hadi ukutani kila baada ya kama sentimita 30, kuanzia juu hadi chini, na uandike ule mdogo kuliko wote. Jumlisha tatu: umbali kati ya nyuzi, umbali mdogo wa kushoto, umbali mdogo wa kulia. Mathalani nyuzi ziko mbali kwa 840, kushoto mdogo ni 30, kulia mdogo ni 26. Jumla ni 896, na hapo umeshajua kwamba tatizo ni kuta. Nje ya hesabu hiyo hakuna cha kukisia. Uvimbe wa chokaa, tofali lililochomoza, ukuta ulioegemea, vyote vimeshaingia humo.

Kwa urefu fanya hivyo hivyo kwa kulaza. Weka alama mbili za usawa mmoja kwenye miimo yote miwili, kama mita moja kutoka sakafuni, kwa pimamaji ndefu au kwa ule mpira mwembamba wa maji ambao waashi hutumia. Funga uzi kati yake. Pima kwenda juu hadi linta sehemu kadhaa, chukua mdogo, pima kwenda chini, chukua mdogo, jumlisha. Hapo ndipo penye urefu wako wa kweli kabla ya kutoa nafasi.

Kipimo cha tatu karibu kila mtu hukiruka, nami naomba usikiruke. Ukuta unaweza kuwa umepotoka kwa kina, mwimo mmoja umeegemea ndani na mwingine nje. Funga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona kwenye uso wa ukuta, zikatane katikati kama herufi X. Zikigusana tu pale zinapokatana, uso uko bapa. Zikiachana, au moja ikiikandamiza nyingine, ukuta umejinyonga. Bamba la mlango ni bapa na halijinyongi, kwa hiyo ukifuata ukuta uliojinyonga mlango utagusa mpira kwenye kona tatu na kuacha upepo kwenye ya nne, na hakuna bawaba itakayolitibu hilo. Fremu lazima ibaki kwenye uso mmoja, hata kama kona moja itachomoza milimita chache kutoka kwenye lipu. Mbao ya pembeni itafunika.

Kuhusu tepu yenyewe: ile ndoano ya mbele inacheza kidogo kwa makusudi, ukiivuta na ukiisukuma inafidia unene wake, usiigongelee ikazwe. Lakini kupima ndani ya uwazi kwa kukunja tepu ukutani huleta makosa ya milimita mbili tatu. Tumia vijiti viwili vilivyonyooka, viteleze kimoja juu ya kingine mpaka viguse pande zote mbili, vibane kwa mkono au kamba, vitoe, upime mezani.

Sasa fremu ya zamani. Naelewa kwa nini unataka kuiacha, inaonekana kupunguza kazi. Sikushauri. Bamba la kompoziti limetengenezwa kwa fremu yake: mpira uko kwenye fremu au bamba kwa nafasi iliyopangwa, vibati vinavyopokea ndoano za kitasa viko kwenye fremu kwa kina kilichopangwa, bawaba zimeshakubaliana pande zote mbili. Fremu ya mbao iliyokaa miaka haina chochote kati ya hivyo, na kama mlango umeoza chini, miguu ya fremu hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeoza pia. Ibonyeze kwa bisibisi karibu na kizingiti uone. Zaidi ya yote, ukiiacha unarudi pale pale: unatafuta bamba la kutoshea fremu isiyo mstatili, na bamba halirandwi.

Kabla ya kuandika oda kuna mambo ya sakafu. Je, ndani utaweka vigae au zulia nene baadaye? Mlango unaofungukia ndani unapita juu ya hicho kitu, na huwezi kuukata chini kama ule wa mbao. Pima kuanzia sakafu itakavyokuwa, si ilivyo leo. Ikibidi, fremu inanyanyuliwa kwa kipande cha chini kinachouzwa na mtengenezaji yule yule. Ukiongeza kizingiti cha nje cha kumwaga maji, unene wake unatoka kwenye urefu wa fremu: kikiwa na milimita 30, fremu inapungua 30. Hakikisha muuzaji anajua kama urefu uliompa umejumuisha kizingiti hicho au la. Nimeona oda nyingi zikiharibika hapo kuliko kwenye upana. Pima pia nje, kwa sababu kuna kuta ambazo tofali la nje limeingia zaidi ya la ndani, na fremu inapaswa kupita au kukaa nyuma yake.

Kwenye karatasi ya oda andika kwa maneno kamili: “ukubwa wa nje wa fremu”. Usiandike “ukubwa wa mlango”, kwa sababu mmoja ataelewa uwazi, mwingine fremu, mwingine bamba, na kati ya hizo tatu kuna sentimita kadhaa. Chora mchoro mdogo ukionyesha bawaba ziko upande gani na mlango unafungukia wapi, na uandike kama umechora ukiwa umesimama nje au ndani. Kushoto kwa anayesimama nje ni kulia kwa aliye ndani.

Huenda unajiuliza kama ile nafasi ya 5 kila upande si kubwa mno, na kama usiipunguze ili mlango “ukae vizuri”. Usiipunguze. Fremu nyingi za milango hii ni za plastiki ya PVC, na PVC hutanuka kwa joto kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mwimo wa mita 2.1 ukipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na jua la mchana, unataka kurefuka kwa karibu milimita 4. Skrubu na chuma cha ndani huuzuia kwa sehemu, lakini ukiwa umebanwa juu na chini bila nafasi, utapinda pembeni, ambako kitasa kipo. Bamba nalo hujipinda kidogo: ngozi ya nje ikipata jua na ya ndani ikabaki baridi, ya nje hurefuka na bamba linavimba upande wa jua kwa muda. Rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea huzidisha. Mlango ukiwa mgumu kufunga saa nane mchana na laini jioni, sababu mara nyingi ni hiyo, na mtu akikimbilia randa saa nane atakuwa na pengo la kudumu jioni. Kama mlango wako unapigwa na jua moja kwa moja, chagua rangi nyepesi.

Kuhusu kufunga, nitasema yale yanayohusu kutokata. Kama bawaba zinaruhusu, toa bamba kwenye fremu kwanza. Ni zito, muwe wawili. Weka fremu, anza na upande wa bawaba. Usimamishe wima kwa pande mbili, yaani kushoto-kulia na ndani-nje. Kabari bapa za plastiki zikae kila mahali skrubu inapopita, ili skrubu ikikazwa fremu isivutwe kuelekea ukutani. Kawaida skrubu ya kwanza huwa kama milimita 150 kutoka kila kona, na kati ya skrubu pasizidi 600, ila karatasi ya mtengenezaji ikisema vingine ifuate hiyo. Kaza mpaka ishike, usikaze mpaka ivute. Pima kona kwa kona ya fremu sasa, si ya ukuta. Zikipishana zaidi ya milimita 2 au 3 legeza urekebishe kabari. Ndipo urudishe bamba.

Mlango ukigusa sehemu, jibu liko kwenye kabari au bawaba. Tazama mwanya kati ya bamba na fremu kuzunguka pande zote. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini upande wa kitasa, fremu au bamba limeinama, na kabari moja itaondoa tatizo. Ukiwa sawa kote ila mwembamba upande mmoja, bawaba nyingi za milango hii zina skrubu za kusogeza bamba kando, juu na chini, na wakati mwingine kulibana zaidi kwenye mpira. Zinasogeza milimita chache tu. Zitumie kumalizia; fremu iliyowekwa vibaya haziiokoi. Vibati vya kupokea ndoano navyo husogezwa. Nyanyua kishikio mara kadhaa mlango ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa: ukiwa laini wazi na mgumu umefungwa, kitasa ni kizima, ni vibati vinavyotaka kusogezwa.

Povu la kujaza nalo limewakosesha wengi usingizi. Povu linalotanuka sana linasukuma mwimo ndani kwa nguvu, na kesho yake mlango uliokuwa unafunga kwa kidole haufungi. Tumia linalotanuka kidogo, weka kwa awamu, na acha vipande vyembamba vya kadi kati ya bamba na fremu mpaka likauke. Povu linaziba hewa, halishiki fremu; zinazoshika ni skrubu. Nje weka silikoni isiyo na asidi inayobaki laini. Na usizibe vitundu vidogo vya kutoa maji kwenye kizingiti, hata kama vinaonekana kama kasoro.

Timazi zikionyesha kwamba kuta zako zimeegemea, una njia tatu za kweli. Unaweza kuagiza fremu ndogo, tuseme 886, ukakubali kwamba juu upande mmoja kutakuwa na mwanya wa kama milimita 20, na chini upande wa pili vivyo hivyo, kisha ukaujaza na kuufunika kwa mbao au vipande vya PVC. Hii ndiyo ningeichagua mimi: inagharimu upana kidogo, haigusi ukuta. Unaweza kuunyoosha ukuta kwa tindo na lipu mpya kisha upime upya. Hii inakupa mlango mpana zaidi, lakini ina vumbi na muda, na inafaa tu kama kilichochomoza ni chokaa wala si tofali zenyewe. Au unaweza kuamua kwamba unataka mlango wa mbao, umpe seremala wako kazi anayoijua. Hakuna aibu katika hilo, na ukifunikwa vizuri kutoka mvuani utadumu. Njia isiyokuwepo ni ile ya kununua kompoziti kubwa na kuiranda.

Na kama mlango ungekuwa umeshafika ukiwa mkubwa, ushauri usingebadilika: kwanza angalia kama kizingiti cha nje kinaweza kuondolewa, au chokaa ya uwazi kuchongwa, ndipo uzungumze na muuzaji kuhusu fremu nyingine. Bamba liache kama lilivyo.

Kuna hali ambazo usiendelee peke yako. Ukiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya juu ya uwazi, linta iliyolala katikati, au ukiondoa mbao za pembeni ukagundua hakuna linta kabisa, simama. Kwenye nyumba za zamani fremu ya mbao wakati mwingine ndiyo inayobeba tofali za juu, na ukiitoa unazitoa nazo. Mwite mtu wa ujenzi aje aone kwa macho kabla fremu haijang'olewa. Vivyo hivyo kama unataka kupanua uwazi, kama mlango una kioo kikubwa cha pembeni kilichounganishwa, au kama nyuzi zako za X zimeachana kwa zaidi ya milimita 10. Mlango wa kuzuia moto ufungwe na mtu anayeruhusiwa kuufunga. Na ikiwa kampuni unayonunua inatuma mtu kuja kupima, mwache aje hata kama umeshapima, kwa sababu akiandika yeye kipimo, kosa likitokea ni lao.

Tundika timazi kesho asubuhi kabla upepo haujaanza kuzichezesha nyuzi, na mwombe seremala wako awepo. Kusoma timazi ni kazi yake ya kila siku, na atakuambia ndani ya dakika chache kama ni kuta au ni sakafu. Ukipata jumla karibu na 896, agiza 886 kwa 2,090. Ukipata karibu na 908 na uzi wa usawa ukaonyesha mteremko, agiza 898 kwa 2,083. Ukipata kitu cha katikati, toa 10 kutoka kwenye jumla zote mbili ulizozipata, ya upana na ya urefu, na usisahau kutoa kizingiti cha nje kama utakiweka.